Mwandishi wa riwaya lazima awe msomi wa chuo kikuu?

Kalamu Kavu: Wakuu, naleta mada. Rafiki yangu dereva wa lori, safari za Tunduma, kapeleka mswada. Mhariri hata hajaufungua, kamuuliza amesomea fasihi chuo gani. Mimi nasema riwaya yetu imedumaa tangu ihamie kwa maprofesa, wanaandikiana wenyewe kwa wenyewe. Shaaban Robert alikuwa karani tu, na mpaka leo nani kamfikia?

Mwana wa Ngamiani: Karani TU? Hiyo "tu" imenikera. Mzee wangu alikuwa karani kwenye shamba la mkonge. Mtaa mzima ulimtegemea kuandikiwa barua na kusomewa simu za maandishi za misiba. Shaaban Robert kakaa forodhani 1926 hadi 1944, akaja ofisi ya wilaya Tanga, kisha ya upimaji. Ukisoma kesi ya Karama katika kitabu chake Kusadikika unamwona mtu aliyekaa miaka mingi akisikiliza wakubwa wakisema.

Bi Cheupe: Miaka 18 forodhani! Siku hizi mtu akikaa huko miwili ana ghorofa.

Mwana wa Ngamiani: Dada, mdogo wangu yuko forodhani na kapanga chumba kimoja Chumbageni. Usipake watu matope.

Bi Cheupe: Chumba kimoja anacholala, au anachokuonyesha wewe? 😂

Mkerewe Halisi: Turudi kwenye mada jamani. Kezilahabi, Mkerewe mwenzangu, alifundisha chuo kikuu, na riwaya yake Rosa Mistika ilipotoka 1971 ikapigwa marufuku mashuleni. Hapo alikuwa anamwandikia profesa gani? Na huko huko Ukerewe, Kitereza, ambaye hakuwa profesa, alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Ya Kiswahili, aliyoifasiri mwenyewe, imekuja kuchapwa miaka ya 80 mwanzoni, mwenyewe akafariki 1981. Hakukwama kwa digrii, alikwama kwa wachapaji.

Kijana wa Vuga: Bara mnajisahau. Aliyetuanzishia hadithi za upelelezi ni Muhammed Said Abdulla, na alikuwa daktari. Ndiyo maana Bwana Msa, mpelelezi wake, hakurupuki.

Bi Cheupe: Daktari wapi! Alikuwa mkaguzi wa afya, baadaye mhariri wa gazeti. Bwana afya ndiye yule anayeingia uani kwako bila hodi, anafunua mtungi kutafuta viluwiluwi vya mbu, huku jicho liko chumbani. Mtu wa hivyo akiandika upelelezi mnashangaa nini?

Kijana wa Vuga: Daktari, bwana afya, wote idara moja.

Bi Cheupe: Basi ukiugua mwite bwana afya akupasue.

Mluhya wa Kakamega: Jameni, na sisi? Walibora alikuwa mtangazaji wa runinga na pia mhadhiri, na riwaya yake Siku Njema imesomwa na kizazi kizima hapa. Kenya hakuna anayekuuliza umesomea wapi. Swali ni kama kitabu kimeteuliwa kutahiniwa. Kisipoteuliwa kinaliwa na mchwa ghalani.

Kijana wa Vuga: Na riwaya ya Utengano mliyoitahini huko ni ya nani? Said Ahmed Mohamed, Mzanzibari, tena profesa. Kalamu Kavu, huyo naye kadumaza?

Kalamu Kavu: Sijasema maprofesa wote.

Mkerewe Halisi: Umesema "maprofesa". Panda juu ukasome.

Mwana wa Ngamiani: Na ile "tu" hajaifuta.

Kalamu Kavu: Mkuu, nilikuwa namsifu!

Bi Cheupe: Hebu niwaulize, nani hapa mwaka huu kanunua riwaya mpya kwa hela yake? Siyo ya kuazima, siyo ya kutumiwa kwenye simu.

Mwana wa Ngamiani: Mimi nimenunua mbili, pale stendi, kwa muuza vitabu vya mtumba.

Bi Cheupe: Za mtumba mwandishi hapati hata thumni.

Mwana wa Ngamiani: Wewe je?

Bi Cheupe: Mimi nina watoto watatu sekondari. Nanunua nilichoandikiwa na shule.

Mluhya wa Kakamega: Si ndivyo nimesema? 😂