Filamu ya nesi aliyetorosha askari: alikuwa jasusi kweli?

Mpenzi wa Sinema:
Habari za jioni wadau. Nimeangalia filamu ya zamani ya mwaka 1939, Anna Neagle akiigiza Edith Cavell, nesi Mwingereza aliyekuwa akitorosha askari kutoka Brussels wakati Wajerumani wameishika Ubelgiji, Vita ya Kwanza ya Dunia. Mwisho anapigwa risasi. Kesi yake mbona fupi hivyo, au mwongozaji kaikata? Halafu rafiki yangu anadai yule mama alikuwa jasusi, unesi ulikuwa kivuli tu. Wanaojua naombeni mwanga.

Nesi wa Usiku:
Mkuu, hapo umenigusa. Mimi ni nesi na huyu mama namfuatilia tangu chuoni.

Kesi ilikuwa fupi kweli: siku 2, tarehe 7 na 8 Oktoba 1915, washtakiwa 35 kwa mkupuo. Wakili wake alimwona kwa mara ya kwanza palepale mahakamani. Alfajiri ya tarehe 12 wakampiga risasi pamoja na msanifu majengo wa Kibelgiji, Philippe Baucq.

Shtaka halikuwa ujasusi bali kumpelekea adui askari, na kwa sheria ya kijeshi ya Ujerumani hilo lilitosha kumuua. Tena Cavell mwenyewe aliwarahisishia kazi. Alipoulizwa hakukana, akaongeza kwamba baadhi ya askari hao walishafika Uingereza na kumwandikia barua za shukrani!

Wengi wao hawakuwa wafungwa waliovunja gereza. Walikuwa askari wa Uingereza na washirika wake waliopotezana na vikosi vyao baada ya mapigano ya Mons, Agosti 1914, wakabaki kujificha nyuma ya mistari ya Wajerumani. Walipokelewa kwenye kasri la ukoo wa de Croÿ huko Bellignies, binti wa ukoo huo, Marie, akawapiga picha za vitambulisho bandia, kisha wakapelekwa Brussels. Neno la siri lilikuwa "Yorc", yaani Croy ukiisoma kinyumenyume. Kwa Cavell wakafichwa hadi apatikane wa kuwavusha kwenda Uholanzi, ambayo haikuwa vitani. Waliopita mikononi mwake ni kama 200.

Ninachoilaumu filamu ni kumfanya malaika. Cavell wa kweli alikuwa metroni mkali, yaani mkuu wa manesi na wanafunzi wao. Wakati wa chai ya asubuhi aliweka saa mezani mbele yake, na mwanafunzi aliyechelewa zaidi ya dakika 2 aliongezewa saa 2 za kazi. Metroni wa namna hiyo mliopita chuo cha uuguzi mnamjua! Huyo ndiye naamini anaweza kuficha wanaume wazima kwenye jengo linalopekuliwa na Wajerumani. Na wanaume wenyewe hawakuwa na adabu: kuna waliotoka kwenda kulewa wakarudi wanaimba Kiingereza barabarani.

Mzee wa Nyaraka:
Dada, umeeleza vizuri, ila suala la ujasusi usilifunge mapema. Mwaka 2015 Stella Rimington, aliyewahi kuongoza MI5 (idara ya usalama wa ndani ya Uingereza), alieleza redioni kuhusu nyaraka za Ubelgiji zinazoonyesha kwamba mtandao ule wa kutorosha askari ulipitisha pia taarifa za kijeshi, nyingine zimeandikwa kwenye vitambaa na kushonewa ndani ya nguo. Cavell mwenyewe alihusika kiasi gani, hapo ndipo watu wanabishana.

Nesi wa Usiku:
Kaka, mtandao sikatai. Hiyo ya unesi kuwa kivuli ndiyo siipokei. Alianza kufundisha manesi Brussels mwaka 1907, miaka 7 kabla ya vita. Hicho ni kivuli gani? Na vita vilipoanza, hospitali yake ikiwa chini ya Msalaba Mwekundu, majeruhi wa Kijerumani nao walitibiwa.

Mpenzi wa Sinema:
Asanteni sana. Swali la mwisho: nilitegemea Wajerumani watachorwa kama mashetani, mbona filamu imewatendea kistaarabu vile?

Nesi wa Usiku:
Mwongozaji, Herbert Wilcox, alishaungua kabla. Mwaka 1928 alitoa filamu bubu kuhusu Cavell huyuhuyu, ameigiza Sybil Thorndike. Ujerumani ikalalamika, na waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, Austen Chamberlain, naye akaipinga. Hii ya pili ilitengenezwa Marekani, ikatoka Septemba 1939, vita vingine vimeshaanza.

Halafu kuna maneno ya Cavell mwenyewe. Usiku wa mwisho alimwambia kasisi Gahan kwamba uzalendo hautoshi, kwamba hapaswi kuwa na chuki wala kinyongo kwa yeyote. Sanamu yake London ilizinduliwa mwaka 1920 ikiwa imechongwa "Kwa ajili ya Mfalme na Nchi". Maneno yake ya kwamba uzalendo hautoshi yaliongezwa mwaka 1924, baada ya watu kudai. Ukiangalia tena ile sehemu ya gerezani ukiwa unalijua hilo, utaona kwa nini Neagle anaongea taratibu vile. Mwenye nakala ya ile ya 1928 aiweke hapa, naitafuta.