Taka za jikoni: kila nyumba iozeshe zake, au tusubiri gari?

Mama Mchicha (mwanzisha mada)
Wadau, habari za asubuhi. Huku kwetu Kimara, Dar es Salaam, gari la taka lina wiki ya tatu halijapita, na ada tumelipa. Viroba vimejaa getini, mbwa wamevichana, na mvua ya jana imesomba vyote hadi mtaroni. Nikafungua kiroba changu nione kuna nini: machicha ya nazi, maganda ya ndizi, mabua ya mchicha, majani ya chai. Chakula cha udongo hicho, halafu tunalipia kipelekwe dampo la Pugu Kinyamwezi kikaozee kule!

Mimi tangu mwaka jana naozesha mwenyewe nyuma ya jiko. Nina pipa bovu nililolitoboa matundu ubavuni. Naweka taka mbichi, juu namwaga majani makavu ya mwembe, mengi kuliko taka zenyewe, na kila Jumamosi nageuza. Ukichomeka mkono katikati asubuhi, ni moto, na mvuke unauona. Baada ya miezi mitatu hivi napata mboji nyeusi, inanukia kama ardhi iliyopigwa na mvua ya kwanza. Kwa nini usiwe wajibu wa kila nyumba? Najua wapangaji watasema hawana nafasi, ila wengi hawajali tu, wanajua watahama.

Mpangaji Sinza
Dada, ulikuwa unaongea vizuri hadi hapo kwa wapangaji. Sisi tuko vyumba sita, ua mmoja, bomba moja, kamba za nguo zimepishana. Mimi huyu huyu "nisiyejali" nilinunua ndoo yenye mfuniko nikaiweka kando ya karo. Siku ya nne mwenye nyumba kaimwaga nje, anasema hapa si shamba. Sasa wewe mwenye mwembe wako na ua wako unanifundisha kujali?

Mzee wa Upanga
Nyote mnakwepa jambo. Kuzoa taka ni kazi ya halmashauri, na ada tunalipa kwa hiyo kazi. Mkishazoea kujizolea, kesho mtaambiwa mjichongee na barabara. Wakazi wa Tabata mwaka 1988 hawakuchimba mashimo uani. Walikwenda mahakamani kuhusu dampo la jiji lililokuwa mtaani kwao, na wakashinda.

Jirani wa Dampo
Mzee, shikamoo. Walishinda, lakini taka zilikwenda wapi? Zilihamia Kunduchi Mtongani, na wale nao wakaenda Mahakama Kuu 1991. Baadaye Vingunguti, Mtoni, na leo ziko huku kwetu Pugu. Kila mtaa uliposhinda kesi, mtaa mwingine ulipokea mzigo. Mimi upepo ukigeuka usiku nafunga madirisha na joto lote hili, na mtoto wangu ana pumu. Yale maji meusi yanayochuruzika kutoka kwenye malundo ni maganda yenu na wali wenu. Chupa ya plastiki haitoi maji.

Mwenye Nyumba Mbagala
Mimi namjibu huyo wa Sinza. Mnatusema wenye nyumba kama wanyama. Nilimruhusu mpangaji wangu hiyo mboji. Akatia mifupa ya samaki, wali uliochacha, ugali. Wiki ya pili panya wakubwa wametoboa mlango wa stoo, nzi mpaka kwenye sahani. Wenzake watano walikuja kulalamika kwangu, si kwake. Na kipindupindu kikiingia hapa, atakayeitwa na bwana afya ni mimi.

Mpangaji Sinza
Kwa hiyo kosa la mmoja tumelipa wote. Tumezoea.

Mtunza Miche
Naomba niingilie, maana naifanya kazi hii kila siku. Panya walifuata samaki na wali, hawakufuata mboji. Kwenye ua wa watu wengi usitie kilichopikwa, usitie nyama wala samaki. Maganda, mboga, machicha na majani ya chai vinatosha. Machicha yatandaze, maana yakilundikana yanashikana kama sabuni, hewa haipiti, na hapo ndipo harufu inaanza. Ikinuka, ujue maji yamezidi na hewa imekosekana: geuza, ongeza vikavu. Huna mwembe? Nenda kwa fundi seremala uombe maranda, ila yawe ya mbao tupu, yasitoke kwenye mbao zenye dawa. Shika mboji kiganjani ukamue: ikitoa tone moja mbili, iko sawa. Ikichuruzika, imelowa.

Mdau wa Kisauni
Huku Kenya sheria ya 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na nyingine. Kwetu nyumbani tunatenga vizuri, halafu mkokoteni unakuja kuchanganya zote mbele ya macho yetu. Kwa hiyo namuelewa mzee. Ila mifuko ya plastiki tuliambiwa haiwezekani kuiacha, na tuliiacha 2017, nanyi mkafuata 2018.

Mzee wa Upanga
Juni 2019, mwanangu. Na plastiki ilizuiwa kuanzia kiwandani na mpakani, hakuna aliyeambiwa aifukie uani kwake. Halafu nimeuliza, sijajibiwa: anayeozesha atapunguziwa ada?

Mama Mchicha
Mzee, mimi natoa kiroba kidogo kimoja badala ya vitatu, na ada ni ile ile. Hapo nakuunga mkono, tuidai kwenye mkutano wa mtaa. Lakini siwezi kumsubiria mtu huku maganda yananukia mlangoni kwangu na maji meusi yanamfikia huyo mwenzetu wa dampo. Na wa Sinza, kaka yangu, lile neno la kutojali nimelifuta. Sikujua habari ya ndoo.

Mwenye Nyumba Mbagala
Ndoo yenye mfuniko, maganda tu, maranda juu, na jina la mwenye ndoo liandikwe. Hivyo kwangu nitakubali. Samaki hapana.

Mpangaji Sinza
Naomba uniandikie hayo hayo vizuri, na kwamba wewe ni mwenye nyumba. Nampelekea wangu jioni hii akirudi dukani.

Mzee wa Upanga
Na ada je?