Naombeni msaada: gamba la abaloni linapasuka nikilibandika kwenye fimbo ya kuvulia (niko Mbeya)

FundiFimbo:
Wakuu, habari za jioni. Nitajieleza kwa urefu kidogo ili msinichoshe kwa maswali ya moja moja.

Niko Mbeya mjini. Kazi inayoniweka mjini ni fremu za picha, ila huu mwaka wa nne natengeneza pia fimbo za kuvulia samaki kwa oda. Naletewa ufito mtupu wa kaboni, mimi nafunga mpini wa koki (ile ya vizibo vya chupa), kiti cha rili (gurudumu la mshipi) na pete za kupitishia mshipi, nazungushia uzi kisha napaka epoksi (gundi ya chupa mbili inayokauka kama kioo). Wateja hawajai mkono lakini wapo: wazee wanaofuata trauti mto Kiwira, watu wa huko kwenye chai Mufindi, na vijana wawili watatu wanaoshuka Matema, ziwa Nyasa, kumtafuta samaki mbasa.

Sasa kuna mzee mmoja mstaafu kaniletea kazi ya heshima. Mtoto wake yuko nje, kamtumia karatasi tatu za gamba la abaloni (konokono wa baharini), zile zinazobadilika bluu na kijani kama shingo ya tausi. Anataka zizungushiwe juu ya mpini. Kila karatasi ni milimita 240 kwa 140, nyembamba kuliko kucha. Vinia (karatasi nyembamba) ya mbao naijua vizuri, hii ya gamba ndiyo kwanza naigusa.

Ya kwanza niliikunja kwa vidole. Ikalia "ta", vipande vinne. Ya pili nikaipaka supa gluu na kuifunga kwa mpira wa tyubu, ikashika, nikafurahi mapema. Nilipofungua nikakuta chini kwenye mpini kingo zimekutana vizuri, juu zimepandana kama milimita tatu, na gluu imeacha ukungu mweupe. Nikajisemea epoksi itafunika. Epoksi yenyewe leo siku ya nne bado inanata, na juu yake kuna utelezi kama mtu kapaka mafuta ya kupikia. Nikaupinda ufito kidogo nione. Nyufa tatu zikatokea upande wa juu.

Vipimo: pale mpini unapoishia ufito una kipenyo cha milimita 12, sentimita 12 mbele yake ni milimita 11. Nimebakiwa na karatasi MOJA. Mzee anataka fimbo yake kabla mwezi haujaisha. Nimekosea wapi?

Mtu_wa_Iyunga:
Piga picha hilo gamba, nenda stationari watakuprintia stika. Samaki haangalii mpini.

FundiFimbo:
Samaki haangalii, ila anayelipa anaangalia mkuu.

MjombaKabwe:
Pole fundi. Marehemu bibi yangu alikuwa akilowesha yai kwenye siki linakuwa laini mpaka unalipitisha kwenye mdomo wa chupa. Gamba ni gamba. Loweka hiyo karatasi kwenye siki au ndimu usiku mmoja, asubuhi utaikunja kama chapati.

Ticha_Tukuyu:
Fundi, kabla hujamsikiliza mjomba weka hiyo karatasi mbali na jikoni!

Mjomba, shikamoo, lakini hapa utampoteza kijana. Ganda la yai na gamba la abaloni yote yametengenezwa kwa kalsiamu kaboneti. Yai kwenye siki halilainiki ganda. Ganda lote linayeyuka na kutoka povu, kinachobaki ni ile ngozi ya ndani. Gamba la karatasi hiyo halina hata robo ya milimita. Likilala kwenye siki asubuhi hakutakuwa na cha kukunja. Na ule mng'ao wa lulumizi, yaani sehemu ya gamba inayong'aa, si rangi iliyopakwa, unatokana na matabaka membamba sana yaliyopangana ndani ya gamba, mwanga unagonga na kurudi kwa namna tofauti. Tindikali ikigusa juu tu, mng'ao unafifia. Hata jasho la ndimu kwenye vidole usikae nalo.

MjombaKabwe:
Marahaba mwalimu. Basi yai tuliache.

DadaKucha:
Kaka fundi, mimi nina saluni ya kucha Mwanjelwa, tunatumia vipande vya gamba hilohilo kupamba, kwa hiyo nitasema ninachokijua, fimbo zenu sizijui.

Hiyo karatasi si gamba tupu. Ni vipande vya gamba vilivyounganishwa kwa resini, yaani gundi inayokaza. Resini ikipata joto inalegea, ikipoa inakaza tena ikiwa na umbo jipya. Tumia draya ya nywele, si moto wa kiberiti wala jiko. Pasha huku unaisogeza draya, usigande sehemu moja, ukisikia karatasi imekuwa kama ngozi ya ndizi anza kuizungushia kwenye kitu cha duara. Anza na chupa ya soda, halafu kipande cha bomba, halafu kitu chembamba zaidi. Kila hatua iache ipoe ikiwa imefungwa kwa kitambaa. Wewe uliivunja kwa sababu uliikunja ya baridi, na baridi ya Mbeya mwezi huu hata mimi gluu zangu zinagoma.

Ukungu mweupe ni tabia ya supa gluu. Mvuke wake unapanda na kutua pembeni, hasa kukiwa na unyevu na umeimwaga nyingi. Kwenye kucha tunaufuta kwa asitoni, lakini wewe ukipaka asitoni unaweza kuifumua ile resini, kwa hiyo hiyo ya pili mimi naona ihesabu imekwenda.

Na tafadhali, ukipiga msasa gamba lilowe maji na uvae barakoa. Vumbi lake si la kuvuta, mimi nilikohoa wiki nzima nikadhani ni mafua.

MzeeWaKoki:
Kamwene wote. Mimi niko Mafinga, fimbo nimeanza kuzifunga zamani, nyingi za trauti kwa ajili ya mabwawa ya huku. Binti wa kucha ameeleza vizuri kuhusu joto, sitarudia.

Kijana wangu, kosa lako kubwa ni kuuona ufito kama bomba la maji. Ufito ni karoti. Chukua vipimo vyako mwenyewe: 12 mara 3.14 unapata mzunguko wa milimita 37.68, na 11 mara 3.14 unapata 34.54. Toa. Ni milimita 3.1, ndizo hizo tatu zilizokupanda. Ulikata mstatili ukauvisha karoti. Umeona karatasi ya kufungia karanga ikikunjuliwa ilivyo? Haiwi mstatili, ina upinde. Na kipande chako lazima kiwe hivyo, upinde mdogo sana lakini upo.

Usihangaike na hesabu. Chukua karatasi ya daftari, izungushe kwenye ufito pale pale gamba litakapokaa, ikazwe, mwisho upandane kidogo, shika kwa selotepu. Chukua wembe mpya, pitisha kwa urefu juu ya ule mpandano ukate tabaka zote mbili kwa mara moja. Fungua. Hicho ndicho kipimo chako, kingo zake zitakutana zenyewe. Kilaze juu ya gamba, chora, kata. Kabla ya kukata bandika selotepu juu ya gamba ili kingo zisimeguke, na wembe uupitishe mara kumi taratibu, usitafute kukata kwa mara moja kama mtu anayechinja.

La pili. Sentimita 12 za nini? Gamba halipindi, fimbo inapinda. Karibu na mpini ufito ni mgumu, hauchezi sana. Kadiri unavyopanda ndivyo unavyocheza, na ndiko nyufa zako zilikotokea. Weka sentimita 6 basi. Hata ile tofauti ya mzunguko inapungua nusu, na karatasi moja itakutolea vipande kadhaa vya kujaribia. Mzee akitaka urefu, mwongezee kwa uzi wa rangi.

La tatu, watu wengi hawalijui. Gamba likiwa jembamba hivyo mwanga unapenya. Chini yake pakiwa na kijivu cha kaboni chenye mabaka, utayaona mabaka. Paka weusi sehemu hiyo, ukauke kabisa, ndipo ubandike. Bluu na kijani vitaamka.

Mshono uelekeze upande wa pete. Fimbo ya trauti ikiwa mkononi pete ziko chini, mvuvi anaona mgongo wake tu. Kubandika tumia epoksi inayochelewa kushika, tabaka jembamba, funika kwa nailoni, kaza kwa utepe ukianzia katikati kwenda nje ili hewa na gundi ya ziada vitoke. Miisho yote miwili izungushie uzi uliopanda juu ya gamba milimita mbili tatu. Ukiacha ncha wazi, maji yataingia na mwaka hauishi litaanza kubanduka.

Mtu_wa_Iyunga:
Mzee, mianzi hiyo ya huko kwenu ya kugema ulanzi haifai kwa fimbo?

MzeeWaKoki:
Inafaa. Ila ukiikata kabla haijagemwa, kijijini utatafutiwa kikao.

VifarangaUyole:
Naongezea kwenye epoksi, kwa sababu naona mmeiruka. Mimi nafuga kuku, lakini nimewahi kumwaga epoksi kwenye meza za baa moja hapa Uyole nikachekwa.

Fundi, ndani kwako asubuhi kuna nyuzi ngapi? Kwangu kipimo cha banda kinasoma 10 au 11 taa ikizimwa. Epoksi inakauka kwa kemikali kushikana, haikauki kwa kupigwa upepo kama rangi, na baridi inaichelewesha: joto likishuka kwa nyuzi 10, muda unakuwa kama mara mbili. Ule utelezi wa mafuta nao unaletwa na baridi na unyevu. Hauondoki kwa msasa, utaziba msasa tu. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kausha, ndipo upige msasa.

Dawa niliyotumia ni kasha la vifaranga. Boksi refu la kadibodi, balbu ya watt 60 upande mmoja, kipimajoto, tundu la hewa. Ukilishikilia kwenye 25 hadi 28, kesho yake epoksi ni kioo. Chupa zote mbili zitie kwanza kwenye bakuli la maji ya moto ziwe nyepesi, mapovu yatapanda yenyewe. Pima kwa mabomba ya sindano ya duka la dawa, moja la resini na jingine la kigumisho, usiyachanganye. Ukikadiria kwa jicho, itanata mpaka Krismasi hata ukiiweka juani.

Na nisisikie mtu amewasha jiko la mkaa chumbani na kufunga dirisha ili epoksi ikauke. Huku kwetu baridi imeshaua watu kwa njia hiyo.

FundiFimbo:
Naona aibu kukiri, jiko ndilo lililokuwa linafuata. Swali: nani anaigeuza fimbo wakati epoksi ni mbichi? Mimi nilikuwa nageuza kwa mkono, usingizi ukanichukua, ikachuruzika.

VifarangaUyole:
Nenda kwa fundi wa vyombo vya umeme, ulizia mota ya sahani ya maikrowevu iliyokufa. Inazunguka mara tano sita kwa dakika, inatosha kabisa. Soma kibandiko chake kwanza, nyingine ni za volti 21 au 30, ukiichomeka ukutani unaiaga.

Kyela_Moja:
Nje ya mada kidogo. Ziwani Nyasa kuna kome ambao ndani ni lulumizi, nyeupe ina uwaridi. Gamba lao halina bluu ya abaloni, lakini vipande vidogo vya kupachika kimoja kimoja vinatoka. Kule Fumba, Unguja, akina mama wanatengeneza hereni na vidani kwa magamba ya chaza. Siku ukiishiwa karatasi za nje, jaribu.

FundiFimbo:
Wakuu, zimepita siku kumi na mbili, nimerudi.

Ya pili niliifumua yote. Kipimo cha daftari nilikata mara tatu mpaka kikakaa. Draya nilikwenda kuitumia kwa DadaKucha mwenyewe, kumbe tuko mitaa miwili tu, wateja wake wakadhani nimekuja kutengenezwa kucha. Kipande cha kwanza kilipata ufa, cha pili kikakubali: chupa, bomba, kalamu nene, ufito. Sentimita 6. Weusi chini, mzee wa Mafinga, sina la kusema, hiyo bluu imetoka kama maji ya ziwa Ngosi. Kasha la vifaranga lilisoma 27 usiku kucha, mota ilikuwa inapiga kelele kama nyuki lakini haikusimama. Tabaka tatu nyembamba, msasa wa maji namba 600 katikati. Karibu na mshono kulibaki kamstari kembamba ambako kingo hazikugusana vizuri.

Mzee alipokuja akaipokea, hakuangalia mgongo hata kidogo. Akaipindua, akaweka kidole juu ya mshono. "Hapa ndipo mlipoungia." Kumbe miaka yake yote ya kazi alikuwa mkaguzi kiwanda cha chai. Akacheka, akalipa iliyobaki, na ameagiza nyingine ya mdogo wake, ya Matema.

MzeeWaKoki:
Sawa kabisa. Ya Matema iongezee unene wa epoksi, mchanga wa kule unakwaruza.

DadaKucha:
Kaka fundi, yale mabaki ya gamba usiyatupe, nina bibi harusi Jumamosi.

FundiFimbo:
Yapo kwenye kiberiti dada, nakuletea kesho asubuhi.