Kihisi cha mazuku kinagota 5000, shida nini?

Swali (Goma): Ndugu, kihisi MH-Z19B cha kaboni dayoksaidi nilichofunga kwenye bonde la lava kinabaki 5000 ppm (sehemu kwa milioni) asubuhi yote. Kimekufa?

Jibu: Hapana, kaka. Kimefika mwisho wa kipimo chake. Ndani ya mazuku, yaani mabonde yanayojaa gesi ya volkano, kaboni dayoksaidi inaweza kupita asilimia 10, yaani 100,000 ppm. Tafuta cha infraredi kinachopima kwa asilimia.

Jibu: Pia zima kujisawazisha. Kila saa 24 kinachukulia kipimo cha chini kabisa kuwa hewa safi, 400 ppm. Bondeni hewa safi haifiki, kwa hiyo sifuri inahama na kinasoma pungufu. Hilo linaweza kuua mtu.

Jibu: Kishushe kwa fimbo ndefu, usiiname! Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa mara 1.5, inalala chini. Kwenye asilimia 10 mtu anazimia kwa dakika chache.