Tupeane uzoefu: Nani kati yetu ameisamehe Alien 3, na ilimchukua muda gani?

Mleta mada

Wapenzi wa filamu za kutisha za anga za juu, salaam. Nimeona mara nyingi hoja ya Alien 3 ikizuka katikati ya mazungumzo mengine na kuyavuruga, nikaona ni heri ipate uzi wake. Sitaki tupige kura kama ni nzuri au mbaya. Naomba kila mmoja aeleze aliitazama baada ya kutazama nini, na ilimwachaje. Ambaye hajaitazama ajue kwamba humu tunataja kila kitu, hadi mwisho wake.

Naanza mimi. Nilitazama sehemu ya pili, Aliens ya James Cameron ya mwaka 1986, kisha sehemu ya tatu, usiku mmoja bila kunyanyuka. Walioziona sinemani zilipotoka walipata miaka 6 ya kupumua kati ya hizo mbili. Mimi nilipata dakika chache. Bado nilikuwa namwona Ripley, shujaa wa mfululizo anayeigizwa na Sigourney Weaver, akimwahidi yule binti yatima, Newt, kwamba hatamwacha, kisha akiitimiza ahadi hiyo kwa kushuka peke yake hadi kwenye kiota cha malkia wa wale viumbe wauaji huku muda ukimwishia. Mara moto ukawaka katika chumba walimolala, kapsuli ya kuokolea maisha ikaanguka baharini katika sayari ya gereza, Fiorina 161, na kabla sijamtambua hata mfungwa mmoja nikaelezwa kwamba Newt amezama akiwa usingizini na Koplo Hicks, mwanajeshi aliyenusurika nao, naye amekufa. Niliona nimedhulumiwa. Sisi tuliokua tukiamini kwamba steringi hafi hatukuwa tumejiandaa kwa hali ambayo steringi anabaki hai, na wote aliowapigania wamekufa hata kabla kisa hakijaanza.

Nilikaa na hasira hiyo kwa miaka mingi, nikiwaambia watu kwamba mfululizo unaishia sehemu ya pili. Kilichonirudisha ni onyesho moja. Ripley anaingia chumba cha maiti, anaugusa uso wa mtoto, kisha anamwomba daktari wa gereza, Clemens, aufungue mwili. Anasingizia kwamba anahofia kipindupindu, na daktari anajua dhahiri kwamba hilo ni uongo. Vyombo vya chuma vinasikika, na kamera, badala ya kukimbilia kwenye kidonda, inakaa zaidi kwa Ripley, ambaye hawezi kutazama wala hawezi kuondoka, kwa kuwa viumbe hawa hukua ndani ya miili ya watu, na ni lazima ahakikishe hakuna kiumbe ndani ya kifua hicho. Mara ya kwanza niliona ukatili mtupu. Mara ya pili nikaona mama anayelazimika kufanya kazi ya mpelelezi saa ileile anayopaswa kulia. Tangu hapo sikubali tena kauli kwamba filamu hii ilimtupa Newt kama takataka, maana theluthi yake nzima ya mwanzo ni matanga.

Karibuni.

Mzee wa Kanda

Ndugu mleta mada, mimi niliikuta ya tatu kwanza, kwenye kanda ya video, nikiwa sijaona hata moja ya zilizotangulia. Kwangu Newt alikuwa jina tu lililotajwa na watu wenye huzuni. Sikuwa na jeraha unalolisema, na kwa hiyo niliipenda tangu siku ya kwanza: wanaume walionyolewa vichwa kwa sababu ya chawa, kiwanda kikongwe cha kuyeyushia madini ya risasi, mishumaa, kutu, na mahali ambapo hakuna hata bunduki moja. Katika sehemu ya pili wanajeshi wana silaha za kila aina na viumbe ni wengi. Hapa mnyama ni mmoja, na watu wana mienge, milango na miguu yao. Zile picha zinazopigwa kana kwamba sisi ndio mnyama, tukikimbia darini huku dunia imepinduka, zilininyima usingizi.

Baadaye nilizitazama mbili za kwanza, nikaielewa hasira yenu. Naomba tu tukumbuke kwamba mpangilio wa kutazama unaamua mengi, na wengi wanaobishana hapa hawakuitazama filamu moja, ingawa jina ni moja.

Lawama yangu ni nyingine kabisa. Wafungwa wanafanana mno: vichwa vile vile, nguo zile zile, kiza kile kile. Katika mbio za mwisho kwenye korido sikuwa najua nani amekamatwa. Ukimwondoa Dillon, aliyeigizwa na Charles S. Dutton kwa uzito wa kustahili kila sifa, na Clemens wa Charles Dance, wengine walikufa bila mimi kuwajua. Na huyo Clemens mwenyewe! Anamaliza kusimulia jinsi alivyokuwa mlevi wa mofini, akaandika dozi isiyo sahihi na kusababisha vifo vya wagonjwa 11, tunaanza kumwelewa, na mnyama anamchukua papo hapo. Nilisimamisha kanda nikatembea chumbani.

Nyota ya Jioni

Shikamoo Mzee wa Kanda. Umesema kweli kwamba watu hawakuitazama filamu moja, na hilo ni kweli hata kwa maana ya wazi kabisa. Lipo toleo la sinemani la mwaka 1992, na lipo lile refu lililotolewa kwenye DVD mwaka 2003, lenye takribani dakika 30 zaidi. Mwongozaji, David Fincher, ambaye hiyo ilikuwa filamu yake ndefu ya kwanza baada ya kujijengea jina kwa video za muziki, hakushiriki kuliandaa toleo hilo refu, na ameikana filamu nzima kwa miaka yote hii. Utayarishaji ulianza mswada ukiwa haujakamilika. Kabla ya Fincher, mwongozaji Vincent Ward alikuwa amebuni sayari ya mbao inayokaliwa na watawa; wazo hilo likaachwa, watawa wakawa wafungwa, na dini ikabaki kama unavyoiona kwa Dillon na wenzake. Ukijua historia hiyo unaacha kushangaa kwa nini filamu ina mishono inayoonekana.

Mimi niliisamehe kupitia toleo refu. Linaanza kwa Clemens akitembea ufukweni penye upepo na kumkuta Ripley ametupwa na maji, kisha maksai wanaivuta kapsuli kutoka baharini, na ni maksai, si mbwa kama katika toleo la sinemani, anayembeba kiumbe mwilini. Muhimu zaidi, mfungwa Golic anarudishiwa nafasi yake. Katika toleo la sinemani mtu huyu anapotea tu katikati ya hadithi. Katika toleo refu wafungwa wanafanikiwa kumfungia mnyama katika ghala la taka, kwa gharama kubwa ya maisha, na Golic, ambaye akili yake imeshamwabudu, anamuua mlinzi na kufungua mlango. Hapo ndipo nilipowaelewa wale wanaume: walishashinda, na mmoja wao akawauza kwa imani.

Jambo moja tu lilinisumbua: kwenye DVD hiyo maneno ya baadhi ya maonyesho yaliyorudishwa yalikuwa hayasikiki vizuri, hadi waigizaji walipoitwa kurekodi upya kwa ajili ya toleo la Blu-ray la mwaka 2010. Asiyewahi kuitazama aanze na hiyo.

Mama wa Mapacha

Nimewasoma wote kwa makini, na nasema wazi kwamba mimi sijasamehe. Si kwa sababu mtoto amekufa. Filamu za aina hii zinaua, na nakubali. Ninachokataa ni namna. Newt aliishi peke yake ndani ya mifereji ya hewa, wazazi wake na koloni zima wamekwisha, akamshinda kwa akili kiumbe kilichowamaliza wanajeshi wenye mafunzo. Mtoto wa namna hiyo alistahili angalau kufa macho wazi, akijaribu kitu. Wamemuua kati ya filamu mbili, amelala, tukiwa hatupo.

Na mfululizo haukujifunza. Elizabeth Shaw, mwanasayansi, aliponea chupuchupu katika Prometheus ya mwaka 2012, filamu nyingine ya mfululizo huu. Tulipofika Alien: Covenant mwaka 2017 tulikuta ameshauawa, nasi tunaonyeshwa mabaki tu. Mara moja ningeiita bahati mbaya ya mswada. Mara mbili naiita tabia.

Uzoefu wangu ni kwamba ninapotazama sehemu ya pili, nazima pale Newt anapomuuliza Ripley kama watalala safari nzima hadi nyumbani, na kama wanaweza kuota, naye anamjibu kwamba anadhani wote wawili wanaweza. Mwaka uliopita binti yangu mmoja aliniuliza nini kilitokea baadaye. Nilimwambia walifika nyumbani.

Mleta mada

Dada Mama wa Mapacha, nimerudia maneno yako mara tatu kabla ya kujibu. Kuhusu kifo cha Shaw nakubaliana nawe bila masharti, na kuhusu namna ya kifo cha Newt sina utetezi: kilikuwa njia ya mkato ya kumrudisha Ripley katika upweke, na tukisema vinginevyo tunajidanganya.

Lakini kuna onyesho ambalo nisingependa ulikose kwa sababu ya kuzima mapema. Tukumbuke kwamba katika toleo refu la Aliens, Ripley anaamka baada ya miaka 57 na kuambiwa kuwa binti yake wa kumzaa, Amanda, amefariki akiwa na umri wa miaka 66. Alikuwa amemwahidi kurudi atakapotimiza miaka 11. Newt ni mtoto wa pili anayempoteza. Mwishoni mwa Alien 3 anasimama juu ya tanuri, akiwa na kiumbe ndani ya mwili wake, na mtu wa Kampuni inayomtaka kiumbe huyo, mwenye sura ya Bishop, yule roboti wa sehemu ya pili, anamsihi kwa sauti ya upole: watamfanyia upasuaji, atapona, bado anaweza kuwa na maisha, bado anaweza kupata watoto. Wanajua hasa pa kumgusa. Kama Newt angekuwa hai mahali fulani, ahadi hiyo isingekuwa na makali yoyote. Anaulizwa kama atamwamini, Sigourney Weaver anamtazama kwa muda, anajibu hapana, na kulifunga lango kati yao.

Ningependa kujua, dada, kama uliwahi kufika hapo.