Tupeane uzoefu: tuliojitolea kuendesha maktaba za mitaa, michango na historia ya mahali petu

MwanaBondeni, Nakuru

Ndugu wanachama, nawasalimu nyote. Nimetambua kwamba wengi wetu hapa tumewahi kujitolea katika maktaba ndogo za mitaa, zile zisizo na mfanyakazi wa mshahara wala bajeti, ambazo hufunguliwa kwa sababu tu kuna mtu aliyekubali kukaa na ufunguo. Naomba tupeane uzoefu juu ya mambo mawili: jinsi mlivyochangisha fedha za kuiendesha, na kama mlijaribu kuifanya mahali pa kuhifadhi historia ya pale mlipo. Kila mtu asimulie aliyoyaona kwa macho yake.

Nianze mimi. Maktaba yetu ni chumba kimoja nyuma ya ukumbi, chenye rafu sita na meza zilizokuwa za watoto wa chekechea, kwa hiyo mtu mzima akikaa magoti hukaribia kidevu. Mwaka wa kwanza tulifanya harambee kwa namna iliyozoeleka: kadi zilichapishwa, mgeni wa heshima akaalikwa, hema na viti vikakodiwa. Jumla iliyotangazwa siku hiyo ilitufanya tusimame na kupiga makofi. Miezi minne ilipita kabla hatujakubali kwamba sehemu kubwa ya jumla ile ilikuwa ahadi, na kwamba mtu aliyeahidi mbele ya kipaza sauti si rahisi kumfuata nyumbani kwake. Tulipomaliza kulipia hema, chakula na kipaza sauti chenyewe, tulibakiwa na fedha za rangi ya ukuta na kufuli.

Mambo yalibadilika kwa sababu ambayo hatukuipanga. Mwanafunzi mmoja alipewa kazi ya kuandika kuhusu mji wake, akaja kutafuta kitabu, na katika rafu zote sita hakukuwa na ukurasa mmoja kuhusu Nakuru, ingawa tulikuwa na vitabu vitatu kuhusu mito ya Ulaya. Tuliona haya. Tukamwomba mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli aje Jumamosi kuzungumza na watoto. Alieleza jinsi reli ilivyopita hapa ikielekea ziwani, jinsi Nakuru ilivyotambuliwa kuwa mji mwaka 1904, na maisha yalivyokuwa katika nyumba za landi, zile za wafanyakazi wa reli, ambamo yeye mwenyewe alizaliwa. Wiki iliyofuata waliingia wazee wanne ambao hawakuwa wamewahi kukanyaga chumba kile, na hawakuja kusoma, walikuja kumsahihisha. Ubishi wao juu ya mahali lilipokuwa duka fulani uliendelea hadi Jumamosi ya tatu, na ilipofika ya nne mmoja wao alitia noti ya shilingi mia katika kopo la mlangoni bila kuombwa. Kutokana na kopo hilo tulianzisha daftari la wachangiaji wa kila mwezi, ambao leo ndio wanaolipa umeme.

Baadaye wazee hao hao waliandamana na watoto hadi Hyrax Hill, kile kilima cha pimbi kilicho karibu na mji, ambako Mary Leakey alichimba mabaki ya makazi ya kale kuanzia mwaka 1937. Kitu walichokijua mara moja ni mashimo ya bao yaliyochongwa katika mwamba. Mzee wetu wa reli alichutama, akaokota vijiwe, na ilitubidi tumsihi sana ili tuwahi matatu ya jioni.

BintiKaloleni, Kisumu

Nashukuru, kaka, kwa kuanzisha mada hii. Mimi nimekuwa mweka hazina wa maktaba yetu kwa muda mrefu, na nitasema wazi kwamba fedha ndogo huvunja urafiki mkubwa. Tulipoanza, michango ilitumwa kwa M-Pesa katika simu yangu mwenyewe. Sikula hata shilingi moja, lakini siku niliyonunua sufuria mpya nilisikia minong'ono sokoni Kibuye kwamba sufuria ile ni ya maktaba. Nililia, kisha nikaitisha mkutano.

Tulijiandikisha kuwa kikundi cha jamii chini ya sheria ya mwaka 2022, ambayo inataka wanachama wasiopungua kumi, tukafungua akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu, na tangu hapo kila mwisho wa mwezi hubandikwa karatasi mlangoni inayoonyesha kilichoingia, kilichotoka na risiti zake, hata ile ya sabuni. Mama muuza samaki anayechangia shilingi hamsini husimama pale akaisoma karatasi yote, kisha huniuliza swali. Maswali yake yamenifunza hesabu kuliko semina yoyote.

Wanaosema kwamba watu wetu hawatoi fedha kwa jambo lisilo mazishi mimi huwakumbusha Ukumbi wa Ofafa Memorial hapa mjini, ambao Luo Union, chama cha Waluo, waliujenga kwa michango, kumkumbuka Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi aliyeuawa mwaka 1953. Mazoea ya kuchangia jengo la wote yapo tangu zamani. Linalohitajika ni mtu aone kwamba jengo ni lake.

Kuhusu historia, tulianza na majina ya mahali, kwa sababu tulidhani ni mada isiyo na hatari. Mtoto aliuliza kwa nini wakubwa huiita hospitali kuu ya hapa "Russia". Jibu la kwanza ni jepesi: ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti. Jibu la pili ni kwamba siku Rais Kenyatta alipokuja kuifungua, tarehe 25 Oktoba 1969, palizuka fujo kati yake na wafuasi wa kiongozi wa upinzani, Jaramogi Oginga Odinga, walinzi wakafyatua risasi, na watu wakauawa, watoto wa shule wakiwemo. Katika chumba chetu alikuwepo bibi mmoja aliyekuwa mwanafunzi siku ile, amepangwa kando ya barabara. Alizungumza kwa dakika chache, akanyamaza, akaomba maji. Kijana wetu alikuwa ameanza kurekodi kwa simu, nami nikamwashiria aizime. Bibi alirudi baada ya wiki mbili na kusema sasa yuko tayari, akachagua mwenyewe nani awepo na nani asiwepo. Tangu siku hiyo hatuwashi kinasa sauti kabla mtu hajaulizwa, hajaelezwa sauti yake itawekwa wapi, na hajapewa nafasi ya kukataa.

Karatasi, Webuye

Mimi natoka katika mji ambao zamani uliitwa Broderick Falls, na jina langu hapa linaeleza sehemu ya habari yangu. Kwa miongo karibu minne mji wetu uliishi kwa kiwanda cha karatasi cha Panafrican, hadi kiliposimamisha kazi mwaka 2009. Tuliokulia hapa tulijua saa kwa king'ora na upepo kwa harufu. Nilipojiunga na wenzangu kuanzisha maktaba, lililotushangaza ni kwamba mji uliolisha nchi nzima karatasi haukuwa na nyumba nyingi zenye vitabu vinavyozidi Biblia na vile vya kiada.

Tulitangaza makanisani kwamba yeyote aliyefanya kazi kiwandani alete kumbukumbu yoyote ili tuipige picha na kumrudishia. Tulitarajia watu kumi. Zililetwa hati za mshahara, vitambulisho, kofia ngumu, picha za harusi zilizopigwa mbele ya lango la kiwanda, na mama mmoja mjane alileta daftari ambalo marehemu mumewe alikuwa akiandika zamu zake za usiku. Maonyesho hayo ya siku mbili yalitupa vitu viwili ambavyo harambee haikuwahi kutupa: orodha ya watu wenye nambari zao za simu, na watoto wao walio Nairobi na Eldoret ambao walianza kutuma fedha kila mwezi kwa sababu picha ya baba ilikuwa ukutani.

Hata hivyo sitaibeza harambee kabisa. Huku kwetu kuna mnada wa jogoo. Jogoo mmoja hutolewa, hununuliwa, mnunuzi humrudisha anunuliwe tena, na ikiwa mwendesha mnada ana ulimi mtamu jogoo yule anaweza kujenga ukuta. Wa kwetu alizunguka mara saba na akaishi. Kamati ilishindwa kumchinja.

Mwaka uliofuata tuliwapeleka wanafunzi kwenye kilima cha Chetambe, ambako Wabukusu walipambana na jeshi la Waingereza mwaka 1895, na safari hiyo ililipiwa na fedha za jogoo.

Mwenye Taa, Kakamega

Nimesoma yote kwa heshima, lakini naona tunapendezwa na hadithi zetu kupita kiasi. Katika maktaba ninayoisaidia, wanaojaza viti ni watahiniwa wa mtihani wa kidato cha nne ambao nyumbani hawana meza wala mwanga, na wanachotaka ni kiti, taa, karatasi za mitihani iliyopita na choo chenye mlango. Kamati yetu iliwahi kutumia fedha za miezi sita kuchapisha picha kubwa za wachimba dhahabu wa Kakamega wa miaka ya 1930. Picha ni nzuri. Wakati zikitundikwa, paa lilikuwa likivuja juu ya rafu ya sayansi, na tulipoteza vitabu ishirini hivi kwa maji.

Vilevile tusisahau kwamba Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 linataja maktaba miongoni mwa majukumu ya kaunti. Kila tunapofanikiwa kuchangisha, kuna afisa mahali fulani anayefuta mstari katika bajeti yake. Sisi tumeamua kwamba kila risiti tunayopata tunaipeleka nakala yake katika kikao cha wananchi cha bajeti, ili ionekane tunafanya kazi ya nani.

MwanaBondeni, Nakuru

Ndugu Mwenye Taa, nakubali kuhusu paa, na hiyo hoja ya risiti nitaiiba. Lakini kwetu wazee waliokuja kubishana ndio waliokwenda kumwona mwakilishi wadi kuhusu choo, wakarudi na saruji. Watahiniwa hawakuwa na muda wa kwenda, nasi wanakamati tulikuwa tumekwenda mara tatu bure.

MwalimuMstaafu, Njoro

Nitaongeza machache kuhusu kuhifadhi, kwa sababu niliumia. Kwa miaka miwili niliwarekodi akina mama sita waliochuma pareto tangu utotoni, wakati Kenya ilipokuwa ikiongoza dunia kwa zao hilo, na sauti zote zilikuwa katika simu moja. Simu iliibwa katika matatu. Mama wawili kati ya wale sita walikuwa wamekwisha kufariki. Sasa kila mazungumzo yanawekwa mahali patatu siku ile ile, na faili hupewa jina lenye tarehe, mahali na lugha, si "sauti mpya 14".

Jambo jingine ni ardhi. Mahali kama huku, ambako majirani walifukuzana mwanzoni mwa mwaka 2008, swali la nani alifika kwanza linaweza kuvunja kikao. Kanuni yangu ni kwamba msimulizi aseme aliyoyafanya na aliyoyaona, na anayeanza na "wale watu walikuwa" namwomba arudi kwenye "mimi nilikuwa". Hukasirika kidogo, kisha huendelea, na mara nyingi masimulizi huwa marefu zaidi.

Nina swali kwa wenzangu. Familia moja imenikabidhi sanduku la kaseti za baba yao, aliyekuwa akirekodi mikutano na harusi miaka ya 1970 na 1980. Baadhi zimeota ukungu na sina mashine ya kuzichezea. Nani anayo?

MwanaBondeni, Nakuru

Mwalimu, mzee wetu wa reli anayo redio ya kaseti inayofanya kazi, na fundi mmoja hapa Bondeni anajua kuiunganisha na kompyuta. Zile zenye ukungu usizicheze kwanza, maana utepe hunata ukakatika. Zitenge katika mfuko wa karatasi, mahali pakavu. Ukija nazo Jumamosi, fika kabla ya saa nne, kwa sababu baada ya hapo wazee huanza bao na hakuna anayesikilizwa.