Majirani Ilala: bango la kubadili matumizi ya kiwanja

Mama Zuu: Asalaam aleikum majirani. Mmeliona bango lililofungwa kwa waya kwenye geti la marehemu mzee wetu? "Kusudio la kubadili matumizi ya ardhi kutoka makazi kwenda makazi na biashara." Vijana waliokuja kupima wanasema ghorofa nane, chini fremu.

Baba Tunu: Waaleikum salaam. Nimeliona. Kwa kweli mimi sioni ubaya. Kariakoo hiyo hapo, imejaa, wafanyabiashara waende wapi? Viwanja vyetu vitapanda bei.

Bibi Salma: Hamjambo wanangu. Mimi nimezaliwa Kariakoo, Mtaa wa Kongo, nyumba ya vyumba sita, uani kuna mnazi. Jirani mmoja aliporuhusiwa kujenga, wa pili akafuata, wa tatu akafuata. Sisi hatukufukuzwa na mtu. Tulishindwa kulala. Jenereta mlangoni, maguta yanashusha marobota mpaka alfajiri. Tukauza.

Baba Tunu: Shikamoo bibi. Ila mliuza kwa bei nzuri.

Bibi Salma: Marahaba mwanangu. Warithi tulikuwa wengi. Fungu langu ndiyo hii nyumba niliyomo.

Neema: Samahanini, mimi mpangaji tu, ila ukuta wa chumba wanakolala watoto unapakana na hicho kiwanja. Una ufa tayari, kidole kinaingia. Wakichimba msingi wa ghorofa nane pale itakuwaje? Tarehe 16 Novemba 2024 nilikuwa Kariakoo asubuhi ile ghorofa lilipoporomoka. Watu walifukuliwa siku kadhaa. Sijasahau ule vumbi.

Mama Zuu: Pole mdogo wangu. Na upangaji usikuzuie kusema, wewe ndiye unayelala hapo.

Dulla Fundi Bomba: Mimi nawaambia habari ya chemba. Nazizibua mwenyewe, nazijua. Bomba linalopita mbele ya kwa Mama Zuu liliwekwa kwa ajili ya nyumba za chini. Masika maji yanarudi chooni. Sasa weka juu yake vyoo vya ghorofa nane na mamalishe wa fremu.

Mama Zuu: Jamani 😭 Mjumbe upo? Na kodi ya pango la ardhi itatupanda na sisi?

Mjumbe: Nipo. Kodi ya pango inafuata matumizi yaliyoandikwa kwenye hati. Kiwanja cha biashara kinalipa zaidi, ila atalipa aliyebadili. Hati yako ikibaki makazi, unalipa ya makazi.

Mjumbe: La pili, hilo bango siyo kibali. Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya 2007 inamtaka aombe, na majirani tunayo nafasi ya kupinga kabla hajakubaliwa. Lakini kwa maandishi, kwa afisa mipangomiji pale Jiji. Tukilia humu kwenye grupu, kilio hakimfikii. Tarehe ya mwisho iko chini kabisa ya bango, msiishie kusoma juu.

Baba Tunu: Mkimpinga huyu, siku yangu ya kujenga mtanipinga na mimi.

Mama Zuu: Baba Tunu, duka hata mimi nalitaka karibu. Nachotaka aseme maji machafu yanaenda wapi, magari ya mzigo yanasimama wapi, na ukuta wa Neema analindaje. Akijibu hayo kwa maandishi, ajenge. Asipojibu, napinga na jina langu naweka.

Bibi Salma: Mwandikie na saa za kushusha mzigo. Hilo ndilo lililotutoa sisi.

Dulla Fundi Bomba: Picha za chemba ninazo, za masika iliyopita. Nazituma sasa hivi. Neema piga picha huo ufa, weka rula pembeni.

Neema: Sawa kaka.

Baba Tunu: Kwenye kumzuia asijenge msiniweke. Hayo ya chemba, ukuta na mzigo nitasaini.

Mjumbe: Basi andika barua yako wewe mwenyewe, useme hayo matatu. Kila kiwanja kiandike yake, na namba ya kiwanja iwe juu. Jumapili baada ya Alasiri tuonane barazani kwa Bibi, Jumatatu nazipeleka, na nakala zigongwe mhuri wa kupokelewa.